Chupa za Chai na Goti la Mama

Mama alitua Guangzhou baada ya Idi el-Fitri, na kilichomshinda siku ya kwanza ni ngazi. Tunakaa ghorofa ya sita katika jengo la zamani karibu na Xiaobei, mtaa wanakopanga wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, na jengo letu halina lifti. Goti lake la kulia lilianza kusagika tangu marehemu baba yu hai. Presha ikaja baadaye. Alipanda akishika ukuta, akipumzika kila kona, "Yaa Latifu" mdomoni, na alipoingia sebuleni hakuona pa kukaa. Pote palijaa katoni.

Lazima niieleze sebule hiyo, maana ndiyo iliyozaa kisa chote. Mume wangu hukusanya mizigo ya wateja wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja: anaagiza viwandani, anakagua, anapakia kwenye kontena la kuchangia. Stoo ikijaa, mzigo hupanda nyumbani. Safari ile zilikuwa chupa za chai, zile za maua zenye kioo ndani, za mteja wa Tanga anayeuza vyombo vya harusi. Katoni zilipandana hadi usawa wa dirisha, zikaacha ujia wa kwenda jikoni na kipande cha sakafu ya vigae kinachotosha mswala mmoja. Hapo kwenye hicho kipande ndipo Mama alipoamua kutafuta afya yake.

Wazo alilipata kwenye bustani ya Yuexiu. Jumamosi moja asubuhi tulimpeleka akapunge upepo, kwa kuwa si mbali na nyumbani na kuingia ni bure. Bustani hiyo iko kilimani. Juu kuna mnara wa Zhenhai wa ghorofa tano uliojengwa mwaka 1380, na kuna sanamu ya mbuzi watano ambao wenyeji husimulia kuwa ndio walioleta masuke ya mpunga mjini. Mama hakufika kwenye mnara wala kwa mbuzi. Aliketi benchi la kwanza, akawa anatazama sufi zikiruka hewani. Guangzhou imejaa mti wa jamaa ya msufi wetu, wenye maua mekundu, na ndio maua ya mji huo; baada ya maua mti hupasua matunda yake ukamwaga sufi kama kwetu. "Kumbe hata huku wanajaza mito," akasema. Kisha akanyamaza, kwa sababu chini ya mti ule watu wazima kwa wazee walikuwa wanacheza bila ngoma.

Walikuwa kama thelathini. Walihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine taratibu sana, mikono ikielea usawa wa kifua, kisha wote wakageuka upande mmoja bila mtu kutoa amri. Mbele kulikuwa na bibi mwenye mvi aliyechuchumaa mguu mmoja hadi chini, mwingine ameunyoosha, akainuka bila kushika kitu. Mama aliuliza umri wake. Binti yetu, anayesoma shule ya hapo na kusema Kichina kuliko sisi sote, akaenda kuuliza, akarudi na jibu: sabini na nane. Mama ana sitini na sita.

Nyumbani hakusema lolote. Alimwita mjukuu wake chumbani, wakafunga mlango. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri nikasikia sauti ndogo ya kinanda ikitoka sebuleni, na kishindo. Halafu kishindo kingine.

Hapa pana jambo la nyumba yetu ambalo msomaji wa pwani atalielewa upesi. Mume wangu hulala usiku wa manane. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano, hivyo Kariakoo ikiwa kwenye pilika za jioni, kwetu watu wako ndotoni, naye yuko kwenye simu na mteja. Alfajiri ndiyo saa yake ya usingizi. Vishindo vilimwamsha, na aliyevipiga ni mama mkwe. Mkwe huwezi kumtokea sebuleni na singlendi ukamwambia anyamaze. Kwa hiyo aliniambia mimi, nami nikamwambia Mama kwa mzunguko kwamba baba watoto amechoka. Mama akajibu kwa upole, "Maskini, mwambie na yeye afanye mazoezi," akaendelea.

Alikuwa anaiga video kwenye kishikwambi cha mtoto. Alivaa soksi juu ya vigae vinavyoteleza, kanga mbili, na hapakuwa na mtu wa kumtazama. Kila alipogeuka ili atazame nyuma kama mwalimu wa kwenye kioo, kioo kilibaki mbele na yeye akapotea. Mguu ulikanyaga kwa nguvu mahali ambapo ungetua polepole. Kibaya zaidi, kiwiliwili kikigeuka, goti lilibaki limekunjwa likaelekea ndani, vidole vikaelekea nje. Goti lililosagika halivumilii kusokotwa hivyo. Baada ya muda si mrefu alikuwa anachechemea kuliko alivyotoka Tanga, naye akanificha kwa kukaa sana jikoni akichambua mchele.

Mume wangu alikuwa na dukuduku lingine, nalo pia lilipitia kwangu. Alitaka kujua kama ile ni ibada ya watu. Swali halikuwa la kupuuza na sikulipuuza. Taichi, kama yanavyoitwa mazoezi hayo, ilianza kuwa sanaa ya kupigana. Wanahistoria wengi huifuatilia hadi kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, kwa Chen Wangting wa karne ya 17. Baadaye Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799, akajifunza kijijini humo na kuipeleka Beijing. Ni kweli imelelewa na falsafa ya Kichina ya yin na yang, kujaa na kupungua, ugumu na ulaini. Lakini watu wa pale bustanini hawaombi kitu wala hawamsujudii mtu. Kugusanisha ngumi na kiganja mwanzoni ni salamu. Mama aliposikia mjadala huo alisema neno moja lililofunga mlango: yeye huswali kwanza, kisha hunyoosha viungo, na Mola aliyempa goti hatamkataza kulitunza.

Basi ikafika asubuhi ya teke. Mfululizo anaouiga Mama una hatua 24. Uliundwa mwaka 1956 na kamati ya michezo ya serikali ya China, ikiupunguza mtindo mrefu wa ukoo wa Yang ili wafanyakazi na wanafunzi waweze kuujifunza, na ukifanywa mzima huchukua kama dakika tano au sita. Hatua za mwanzo ni za kutembea na kupokezana mikono: kutenganisha manyoya ya shingo ya farasi, korongo mweupe kufunua mbawa. Katikati ndipo panapokuja teke la kisigino, mguu wa kulia, usawa wa kiuno kwa anayeweza. Anayeanza haambiwi arushe teke. Huambiwa agusishe ncha ya mguu chini apite. Video haikumwambia Mama hivyo.

Nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Nilisikia "Allah!" na mara sauti ya vioo, kimoja baada ya kingine, ndani ya maboksi yaliyofungwa. Mtu aliyewahi kuangusha chupa ya chai anaijua sauti ile. Mama alikuwa amekaa juu ya katoni iliyobonyea, kanga moja sakafuni, kiwiko kimechubuka, uso umemwiva kwa haya. Ukuta mzima wa katoni ulikuwa umemmiminikia pembeni. Mungu alimnusuru, zilipita ubavuni. Mume wangu alitoka mbio, akamwona mkwewe yu chini, akasahau chupa, singlendi na heshima zote za mlangoni. Alimwinua kwa mikono miwili huku akirudia, "Pole mama, pole mama, umeumia wapi?" Namshukuru kwa asubuhi ile mpaka leo, maana mzigo uliokuwa unavuja vipande vya kioo ulikuwa wake, na hakuutazama hata mara moja mpaka Mama alipoketi kwenye kiti na kunywa maji.

Mlango ukagongwa. Ni mzee wa ghorofa ya tano, anayekaa chini yetu kabisa, mwavuli mkononi tayari kwa kutoka. Ndiye aliyekuwa akipokea vishindo vyote kwenye dari yake. Alianza kusema kwa ukali, binti yetu akatafsiri kwa sauti inayozidi kupungua: kila siku alfajiri, mnahamisha mizigo gani? Mtoto akamweleza kwamba si mizigo, ni Bibi anajifunza taichi. Mzee akatazama vioo, akatazama soksi, akatazama kishikwambi kilichokuwa bado kinapiga kinanda. Hasira ikamtoka usoni mbele yetu. Akamwomba Mama, kupitia mjukuu, asimame alivyokuwa anasimama.

Mama alisita, ni mtu asiyemjua na si maharimu wake. Mzee alielewa bila kuambiwa. Hakumsogelea. Alisimama mbele yake, akapiga hatua moja, akaweka kipini cha mwavuli juu ya goti lake mwenyewe na kukishusha wima mpaka kikagusa kiatu. Goti lisivuke vidole. Likielekea huku, vidole navyo vielekee huku. Kabla ya kugeuka, toa uzito kwenye mguu, uwe mtupu, ndipo uuzungushe. Mama akafanya. Akafanya tena. "Halijauma," akasema, akarudia kwa sauti zaidi, "mwanangu, halijauma!" Mzee akatuambia mke wake ndiye hufundisha wanaoanza pale bustanini, kila asubuhi isipokuwa Jumatatu, na kwamba mtu hajifunzi hivi ndani ya ghala.

Kuanzia hapo nilimsindikiza Mama mwenyewe, na niliyoyaona ndiyo yanayonifanya niandike. Mwalimu wao ndiye huyo mke wa mzee; wote humwita Laoshi. Ni mwanamke mfupi aliyefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na huko kiwandani ndiko alikofundishwa. Hakumuuliza Mama anatoka wapi wala kama ataweza. Alitazama viatu vyake kwanza, akakubali raba zenye soli bapa. Akauliza kama anameza dawa, na akasema azimeze kama kawaida. Kisha akamshika mkono akampeleka katikati ya kundi.

Kwa wale wasiojua, hiyo ndiyo siri ya darasa zuri la taichi. Mwanafunzi mpya hawekwi nyuma. Ukiwekwa nyuma, kundi likigeuka unajikuta wewe ndiye wa mbele na huna wa kumfuata. Ndilo lililomtokea Mama na kishikwambi chake. Laoshi huwapanga wazoefu pande zote nne na wageni katikati, ili popote uso unapoelekea uone mgongo wa mtu anayejua. Mama alizungukwa na wazee wa Kikantoni ambao hawakuwa na neno hata moja la kuzungumza naye, na hakupotea.

Wiki za kwanza hawakumfundisha mfululizo wowote. Kusimama tu, magoti yamelegea kidogo, mabega chini, pumzi ishuke tumboni. Halafu kutembea: mguu mmoja umejaa, mwingine mtupu, kisigino kitue kabla ya unyayo, na uzito usihame mpaka mguu umefika. Ukitazama kwa mbali utadhani ni kazi nyepesi. Jaribu. Mapaja hutetemeka, jasho hutoka, kwa kuwa kila hatua mguu mmoja unaubeba mwili mzima kwa muda mrefu kuliko tunapotembea kawaida. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Mama aliruhusiwa kusimama juu zaidi kuliko wengine, bila kukunja sana, na walio na kizunguzungu walifanya wakiwa wameketi kwenye benchi.

Baba watoto ni mtu wa hesabu na aliniuliza ushahidi. Nilimtafutia. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chenchen Wang mjini Boston walichapisha matokeo ya watu 204 wenye magoti yaliyosagika: nusu walifanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, nusu walipewa tiba ya viungo ya hospitali. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili karibu sawa, na walio kwenye taichi walipata nafuu zaidi ya huzuni. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Beijing wa watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda. Baada ya mwaka, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7 kwa waliofanya taichi na karibu 4.6 kwa waliofanya mazoezi ya kasi. Wale hawakuwa wagonjwa wa presha kamili kama Mama, kwa hiyo vidonge vyake viliendelea. Mume wangu alisikiliza, akauliza kuhusu chupa zake za chai, akalala.

Kisha ikaja mvua. Masika ya Guangzhou humwaga maji mchana na usiku, na asubuhi moja Mama alitoka peke yake nikiwa nimelala na homa. Saa nne alikuwa hajarudi. Simu aliiacha mezani. Pasipoti ilikuwa droo ya kabati, na mgeni kutembea bila pasipoti huku ni jambo la kutia hofu. Mume wangu alishuka zile ngazi sita na mwavuli wa mtoto, akazunguka Xiaobei, akauliza kwenye maduka ya vitambaa, akapita kwenye msikiti wa Xianxian ulio jirani na bustani, pale penye kaburi ambalo Waislamu wa China hulinasibisha na Saad bin Abi Waqqas, akidhani amekwenda kuzuru. Hakumwona. Akaingia bustanini akiwa ameloa hadi mifupa.

Aliwakuta chini ya banda la paa la vigae. Mvua iliwazuia kuondoka, nao walikuwa wakirudia mfululizo mpaka ipungue. Mama alikuwa katikati, kwenye hatua ya mikono kama mawingu, macho yametulia, hajui kama anatafutwa. Mume wangu hakuweza kumkatiza, akasimama pembeni akihema. Laoshi alimtazama mtu huyu aliyeloa, simu inalia mfukoni, na akafanya lile alifanyalo kwa kila mgeni. Alimshika mkono wa shati akampeleka katikati, ubavuni mwa mkwewe.

Aliniambia mwenyewe jioni ile kwamba lililomuwia gumu ni mwendo. Kila hatua aliimaliza wenzake wakiwa nusu, akasubiri, akaona aibu, akaharakisha tena. Simu ililia ikakatika, ikalia ikakatika. Alikuwa anadaiwa chupa zilizovunjika, kontena lilikuwa linasubiri nafasi melini, na kwa miezi kadhaa alikuwa hajalala usingizi wa kutosha. Mama, bila kugeuza kichwa, akamwambia kwa Kiswahili mbele ya watu wote wale: "Taratibu baba, mguu haujafika." Hiyo ndiyo mara ya kwanza Mama kumsahihisha mkwewe tangu tuoane, naye alilipokea. Alirudi kesho yake. Alirudi siku nyingi baada ya hapo, na simu akaanza kuizima saa sita usiku, kwa kuwa asubuhi kuna watu wanaomtarajia.

Chupa zilizopasuka tulimlipa mteja. Sebule tukaiondolea mizigo: mume wangu alipanga chumba cha stoo mtaa wa pili, ghali kidogo, na vigae vyetu vikaonekana. Mzee wa ghorofa ya tano tulimpelekea sambusa, akatuletea maua makavu ya ule msufi mwekundu, ambayo wenyeji huyachemshia supu.

Mama alirudi Tanga akijua hatua zote 24. Goti halikupona, kilichosagika hakirudi. Ila ngazi zetu sita alizishuka siku ya kuondoka bila kushika ukuta. Nilipompigia juzi nilisikia sauti za wanawake uani. Baada ya alfajiri huwakusanya majirani, wengi wa umri wake, wenye presha, sukari na mafadhaiko ya wajukuu, na huwafundisha kutembea tu. Wasiojua bado anawaweka katikati.

Ndugu msomaji, mzee wako akikuambia anataka kujaribu jambo hili, usimwachie video na chumba kilichojaa vyombo. Mtafutie viatu bapa, mwulize daktari wake kuhusu dawa na mifupa, na tafuta mtu mmoja anayejua wa kumtazama goti. Msiokuwa na mwalimu, kusanyikeni na anzeni na kusimama na kutembea. Hatua za majina zitangoja. Viwanja vya kwetu asubuhi viko wazi, na ardhi yake haitelezi. Wapelekeni wazazi wenu, na mkifika nao, wawekeni katikati.